Neva za binadamu zinazooteshwa maabara, sisi wa Kusini zinatuhusu nini?

Huku kwetu neva, yani mshipa wa fahamu, ikiharibika huhitaji kuambiwa, unaona mwenyewe, dereva boda kaanguka njia ya Masasi mkono umebaki unaning'inia tu, mkwezi kadondoka mnazini Mikindani miguu haina kazi tena, na kuna wazee Lindi walipata ukoma, mtu anaepua sufuria ya moto kwa mikono mitupu mpaka ngozi inababuka na hasikii kitu. Ndo maana mtu akisema utafiti huu ni mambo ya wazungu mi sikubali.

Kinachofanyika ni hivi. Mwaka 2007 mtafiti Yamanaka na wenzake kule Japani walichukua seli za ngozi ya mtu mzima wakazirudisha kuwa seli shina, yani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, na hizo unaweza kuzilea mpaka zikawa neva. Zinawekwa kwenye kifaa kidogo chenye vyumba viwili, katikati kuna vijia vyembamba kuliko unywele, seli zinabaki huku nyuzi zake zinapenya kule, watafiti wanazikata kwa leza halafu wanakaa na darubini kuangalia zipi zinaota tena na dawa gani inazisukuma. Kwa mtu hai huwezi kumfanyia hivo. Na panya hatoshi, maana neva ya mguu wetu inafika kama mita 1 na inaota kama milimita 1 tu kwa siku, yani mpaka ifike chini misuli ishanyauka.

Ila wanaopinga wana hoja nzito, kwa kweli. Neva za maabara ni changa, zinafanana na za mtoto aliye tumboni, na neva changa huota kirahisi, sasa dawa ikizifaa hizo utajuaje itamfaa mtu wa miaka 40? Halafu zimekaa peke yake, hakuna damu, hakuna kovu, na kwenye uti wa mgongo kovu ni moja ya vitu vinavyozuia neva isiote.

Bado mi naegemea upande wa utafiti, na sababu yangu kubwa ni ukoma. Bakteria wake hajawahi kuoteshwa kwenye chakula cha maabara, anafugwa kwenye nyayo za panya na kwa armadilo, mnyama wa Marekani anayefanana kidogo na kakakuona wetu. Anaingia kwenye seli za Schwann zinazofunika neva, na hizo nazo zinaweza kutengenezwa kutoka seli shina, kwa hiyo maabara unaweza kumchunguza kwenye seli za binadamu. Lakini hela ya utafiti isiguse ya kutafuta wagonjwa, dawa za ukoma ni bure tangu 1995, na baka la ngozi lisilo na hisia, ambalo ni dalili ya ukoma, likiwahiwa neva nyingi zinanusurika.

Kinachoniuma ni wanaouza vidonge vya "seli shina" kwenye magrupu ya WhatsApp kwa ndugu zetu waliopooza. Chuo kikuu cha Keio, Japani, walipandikiza seli zilizotokana na seli shina kwa upasuaji kwa wagonjwa 4 tu walioumia uti wa mgongo na bado ni majaribio, hakuna kidonge cha kumeza kinachootesha uti wa mgongo, msiuze korosho zenu kwa ajili ya hicho.