Je, Turubai Linaweza Kubeba Nguvu za Dhoruba?

Bahari iliyochorwa kwenye turubai, kile kitambaa cha mchoraji, haimlowanishi mtu. Wanaoitilia shaka michoro ya mandhari ya Kiromantiki, mtindo uliotaka kumfanya mtazamaji ahisi nguvu za kutisha za asili, huanzia hapo, na hoja yao si nyepesi. Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke alieleza kuwa kitu cha kutisha hutusisimua kwa ukuu wake pale tu tunapokuwa salama nacho. Mwaka 1790 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant akaenda mbali zaidi: ukuu huo haumo mlimani wala baharini, umo katika akili inayokutana na kitu isichoweza kukipima kwa macho. Ikiwa ni hivyo, wanauliza, kisichopimika kitaingiaje ndani ya fremu yenye pembe nne na bei?

Mfano wao mzuri ni mchoraji Frederic Church wa Marekani. Mwaka 1859 alionyesha New York mchoro wake wa milima ya Andes, wenye upana wa takriban mita tatu. Uliwekwa katika fremu kubwa mfano wa dirisha, ukapambwa kwa mapazia, na zaidi ya watu 12,000 wakalipa senti 25 kila mmoja kuuona. Wengine walikuja na darubini ndogo za ukumbini ili wachunguze mimea, jani moja baada ya jingine. Hapo nakubaliana na wakosoaji: ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini jicho linaloalikwa kukagua majani halina nafasi ya kuogopa.

Hata hivyo, wanakosea wanapowaweka Waromantiki wote katika kapu hilo. Mtazame Caspar David Friedrich, Mjerumani, katika “Mtawa Kando ya Bahari” (1808–1810), wenye sentimita 110 kwa 171.5, uliopo Berlin. Ili kuona alichokifanya, kumbuka kwanza kanuni ya kuchora mandhari iliyorithiwa tangu karne ya 17. Mchoraji aliweka miti pembeni ili kulizuia jicho lisitoke nje ya picha. Mbele alipaka kahawia, katikati kijani, mbali buluu, kisha njia au mto ukamwongoza mtazamaji hatua kwa hatua hadi kwenye upeo.

Friedrich aliviondoa vyote. Hakuna mti, hakuna njia, na ile sehemu ya katikati haipo kabisa: mchanga mweupe, ukanda mwembamba wa maji meusi, halafu mbingu inayochukua zaidi ya robo tatu ya turubai. Mstari wa upeo unakatiza kutoka ukingo hadi ukingo bila kuzuiwa na chochote, kwa hiyo akili inauendeleza nje ya fremu. Vipimo vya infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho inayofichua kilicho chini ya rangi, vimeonyesha kuwa hapo awali alikuwa ameweka merikebu baharini, kisha akazifuta. Kwa maoni yangu, kufuta huko ndiko kulikoukamilisha mchoro. Merikebu ingetupa kipimo cha umbali, na umbali ukishapimika, bahari inapungua. Mtu mmoja mdogo amebaki, naye anatosha kuonyesha ukubwa wa mbingu bila kutuambia mwisho wake uko wapi.

Mwingereza J. M. W. Turner alifika hapo kwa njia nyingine. Katika mchoro wake wa meli ya mvuke ndani ya dhoruba ya theluji (1842), moshi, maji na theluji vinazunguka pamoja, na hakuna upeo ulionyooka wa kushikilia jicho. Turner alidai alifungwa kwenye mlingoti kwa saa nne ili aitazame dhoruba hiyo. Watafiti wengi wanatilia shaka habari hiyo. Sioni kama inabadilisha kitu. Friedrich hakufika kamwe Aktiki, kwenye bahari ya barafu ya kaskazini ya dunia, lakini alichunguza mapande ya barafu kwenye mto Elbe wa Ujerumani, na “Bahari ya Barafu” (1823–1824) inaogofya ingawa upana wake haufiki sentimita 130. Meli iliyopondwa imesukumwa kando. Unaitafuta, na ukiipata ndipo unapotambua kimo cha barafu.

John Martin wa Uingereza ndiye anayeonyesha mambo yanavyoharibika. Katika mchoro wake wa siku ya ghadhabu (1851–1853), wenye upana wa mita tatu, milima inapinduka na umati unatumbukia shimoni, lakini miamba imechorwa kwa kingo kali mno. Burke alishaonya kuwa kukiona kitu waziwazi hupunguza hofu.

Hata hivyo, ukubwa si kitu cha kupuuzwa. Ukisimama mita moja mbele ya “Mtawa”, picha inashika takriban nyuzi 80 za upana wa uoni wako. Kwenye simu yenye kioo cha sentimita 15, ukiishika sentimita 40 kutoka usoni, zinabaki kama 21. Vanishi iliyozeeka, yaani ule utando unaopakwa juu ya rangi kuilinda, nayo huharibu: umanjano wake huigeuza buluu kuwa kijani chafu na kuifanya mbingu ionekane kama ukuta ulio karibu. “Mtawa” ulisafishwa kati ya 2013 na 2016, kwa hiyo anayeuhukumu kwa nakala iliyopigwa kabla ya hapo anahukumu pia uchafu wa vanishi.