Ekleri Ina Matundu Matatu Chini

Shangazi yangu huoka keki za harusi kwa kazi, kwa hiyo ukitoka naye kwenda kula keki, jua unakwenda kwenye ukaguzi. Mkahawa wenyewe ulikuwa ghorofa ya juu ya jumba la maduka, vimeza vya duara vimebanana kiasi kwamba ukitaka kukata kitu lazima umwombe radhi jirani. Jirani yetu alikuwa baba mmoja wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, anakunywa kahawa yake kimya kimya. Sisi tukaletewa krosanti, ule mkate wa siagi wenye tabaka tabaka, milifei, tati ya ndimu, yaani kibakuli cha unga kilichojazwa krimu ya ndimu, keki ya jibini na ekleri, kiandazi kirefu kilichopakwa chokoleti juu.

Mkono wangu ukaenda kwenye ekleri. Ukapigwa kofi.

"Chokoleti mwisho! Ukishaupaka ulimi mafuta ya kakao, ndimu utaisikia ukali mtupu."

Utaratibu wake ni huu: vikavu visivyo na sukari nyingi kwanza, vya matunda vifuate, vya krimu baadaye, chokoleti ifunge. Kila baada ya kimoja, funda la maji yasiyo baridi, maana baridi huufanya ulimi usisikie utamu. Keki ya jibini ilikuwa imetoka kwenye friji, akaisogeza pembeni ikae angalau dakika 20.

Krosanti aliipindua akaitazama kitako, kisha akaivuta ncha mbili. Unga wake hufungiwa siagi, ukasukumwa na kukunjwa mara tatu, kila mkunjo wa pande tatu. Siagi inaishia kuwa tabaka 27. Ikiokwa sawasawa, ganda huvunjika kwa kelele na ndani kunakuwa na mapango kama sega la nyuki. Ile ilivutika. Ikaendelea kuvutika. Shangazi akamwita mhudumu kwa sauti ya kumpa pole.

"Mwanangu, hii mmeipasha kwenye maikrowevu?"

Kijana akakiri. Akaelezwa, sinia mkononi, kwamba maikrowevu huchemsha maji yaliyomo ndani ya krosanti, mvuke unalowesha ganda, na ikipoa kidogo tu haitafuniki. Oveni ya nyuzi 170 kwa dakika 5 ingetosha. Tati ya ndimu ilipita bila kesi, jambo ambalo nadhani lilimuudhi.

Kisha milifei: mabapa matatu ya unga uliookwa ukakauka, krimu katikati. Unga huo ukikunjwa mara sita kwa mtindo ule ule, siagi hufika tabaka 729, na zote hazipendi uma. Ukibonyeza kutoka juu, bapa la juu halikatiki. Linashuka zima zima, na krimu, ambayo haina nguvu ya kulizuia, inatafuta njia pembeni. Inatakiwa uilaze ubavu, uikereze kwa kisu cha meno. Maelezo haya niliyapata wakati nimeshabonyeza. Kipande cha bapa kiliruka na kutua kwenye kahawa ya yule baba. Akakitoa kwa kijiko, akakila, akasema, "Si kibaya."

Mtu mwema kabisa. Kwa nini ekleri ilimchagua yeye, sijui.

Unga wa ekleri hupikwa kwanza kwenye sufuria, maji na siagi na ngano, ndipo mayai yaingie. Hauna hamira wala baking'i pauda. Mvuke wa maji yake mwenyewe ndio unaouumua ndani ya oveni, ukaacha uwazi mtupu katikati. Mwokaji anatoboa matundu, kwa kawaida matatu, upande wa chini, na kukamulia kastadi, krimu nzito ya maziwa na viini vya mayai, mpaka aone imejaa. Matundu hayo hayazibwi. Ukiing'ata kwa nguvu ncha moja, kastadi inasukumwa mbele na kutoka kwenye tundu lolote lililo wazi. Mimi niliishika kwa ubavu, kitako kikimwelekea jirani, nikang'ata kwa hamu ya mtu aliyezuiwa tangu mwanzo.

Ilitoka mara moja, ndefu, ikamkamata kuanzia kola hadi kifungo cha tatu.

Nilianza kuomba msamaha na mdomo umejaa. Shangazi akanisukuma pembeni, akainama karibu na kifua cha yule baba, akavaa miwani.

"Samahani sana, kaka. Usitikisike kidogo. Unaona inavyoteleza? Hii haikuchemka!"

"Haikuchemka?" akauliza baba, shingo ameinyoosha.

"Nusu lita ya maziwa, viini vitano, sukari gramu 100, konifulawa gramu 40. Ikishaanza kutoa mapovu mazito uendelee kukoroga dakika moja au mbili. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokula wanga. Usipokiua kwa moto, kastadi inakuwa nzito jikoni, halafu kesho yake inageuka uji. Ingekuwa imeiva, ingekaa hapo hapo kwenye kola."

Mhudumu alikuja mbio na kitambaa cha maji ya moto. Akarudishwa. Yai likipata joto linaganda kwenye uzi. Doa la namna hiyo unalikwangua kwa kijiko kwanza, kisha maji baridi ukitokea upande wa nyuma wa kitambaa, sabuni baadaye. Baba akakwanguliwa kwa kijiko chake mwenyewe cha kahawa.

Nikamnunulia ekleri, sikuwa na la kufanya zaidi. Aliipindua, akayahesabu matundu, na kwa kuwa alishaelimika, akaishika matundu juu, chokoleti chini, vidoleni. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34, na mkono wa mtu uko jirani kabisa na hapo. Alikula yote bila kumwaga hata tone la kastadi, akafurahi, akanyoosha shati lake kwa viganja vyote viwili.