Zima meni swichi kwanza, ndipo usaini

Desemba iliyopita, siku ya mvua kubwa, mama mmoja aliingia dukani kwetu Mwanjelwa, jijini Mbeya, akiwa ameloa chapachapa. Alikuwa ametoka Ilembo, kule Umalila. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, halafu akafungua fundo la kanga akatoa simu yake ya batani na kunionyesha namba ya ofisi yetu. Alikuwa ameipiga mara sita tangu saa moja asubuhi.

"Mwanangu, kila nikipiga naambiwa haipatikani. Nikasema basi nije mwenyewe."

Alikuwa na swali moja tu: mbolea ya DAP ipo? Haikuwepo. Mzigo ulikuwa bado njiani kutoka Dar es Salaam. Mama wa watu kapoteza nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kupandia mahindi, kwa sababu simu yangu haikulia. Nilimpa pole, lakini pole hairudishi nauli. Jambo hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Miezi minne nyuma tulikuwa tumewekewa simu za intaneti, yaani simu za mezani zinazopita kwenye intaneti badala ya waya wa simu, na jamaa waliotuwekea walinionyesha kila kitu kwenye kompyuta mpakato: sauti ya kumkaribisha mteja, bonyeza moja kwa mauzo, bonyeza mbili kwa uhasibu. Hakuna aliyetamka neno umeme. Na mimi niliyezaliwa Mbeya, ninayejua masika yetu yalivyo na radi zake, sikuuliza.

Simu ya waya ya zamani, ile ya TTCL iliyokaa kwenye meza ya marehemu baba, ililia hata nyumba nzima ikiwa gizani. Umeme wake ulikuja na waya uleule kutoka kwenye betri za kituo cha simu, kama volti 48 hivi. Tulizoea hivyo mpaka tukadhani ndiyo tabia ya simu zote za mezani. Simu ya intaneti haiko hivyo. Kile chombo cha mezani kinataka umeme, swichi ya mtandao inataka, ruta inataka, kisanduku cha faiba nacho kinataka. Kimoja kikizimika, namba yako imekufa, na mteja haambiwi umeme umekatika. Anaambiwa haupatikani, naye anaelewa kuwa umefunga biashara.

Kwetu kulikuwa na baya zaidi. Mtambo wenyewe wa kugawa simu ulikuwa kisanduku chini ya kaunta, hapahapa Mwanjelwa, na simu za matawi yote zilipitia humo. Siku ile Makambako umeme ulikuwepo na intaneti ilikuwepo, na kijana wetu amekaa pale anasubiri simu. Haikulia hata moja, kwa sababu Mwanjelwa kulikuwa giza. Tulikuwa tumepanga simu zihamie kwenye laini ya mkononi zisipopokelewa, lakini agizo hilo nalo lilikuwa ndani ya kisanduku kilekile kilichozimika. Agizo la kuhamisha simu lazima likae kwa mtoa huduma wa namba, nje ya jengo lako. Ningeomba kila mwenye duka, ghala au mashine ya kukoboa, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga, alishike hili kabla ya kuuliza bei.

Siwashauri mrudi nyuma. Nikubali tu kwamba simu hizi zimetuondolea tatizo kubwa: zamani kijana wa mauzo akiacha kazi aliondoka na wateja, maana namba waliyoijua ilikuwa yake. Kupigiana kati ya matawi nako hakuli tena vocha. Hayo ni ya kweli.

Kasi ya intaneti msitishwe nayo. Maongezi mamoja yanakula kama kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo watu watano wakiongea kwa pamoja hawafiki nusu megabiti. Kinachoua ni mtandao unaoyumba. Mteja alisema "mia na hamsini", mwanzo ukamezwa, binti yetu akaandika mifuko hamsini.

Ulizeni pia namba imesajiliwa kwa jina la nani. Na ulizeni seva, ile kompyuta ya mtoa huduma inayopitisha simu zenu, iko nchi gani, maana Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tuliona wote intaneti ilivyokuwa.

Fundi wa pili, aliyekuja kutufungia upya, ni kijana wa hapahapa. Alipomaliza kufunga nilimwambia tusisaini kitu kwanza, nikaenda mwenyewe nikashusha meni swichi. Taa zikazimika, friji ya soda ikanyamaza. Ruta ikabaki inawaka kijani kwa betri, nikapiga namba ya ofisi kwa simu yangu, ikalia mezani. Kisha nikamwambia achomoe na waya wa faiba. Nikapiga tena. Kimya kidogo, halafu simu ya mkononi ya akiba iliyo kwenye droo ya uhasibu ikaita. Nilisimama pale kaunta nikimfikiria yule mama.

Hatukurudisha umeme, tulitaka kuona betri itafika wapi. Ruta, kisanduku cha faiba na simu tatu kwa pamoja havifiki wati 40, chini ya balbu moja ya zamani. Betri ya volti 12, ampea-saa 18, ilishikilia saa tatu na dakika kumi. Umeme wa Mwanjelwa umeshawahi kukatika kwa muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo nimeagiza betri ya pili, na nataka iwe imefungwa kabla mvua za Novemba hazijaanza.