Mazishi ya Aleluya

Shule za parokia hapa Minnesota, Marekani, hazimalizani na mzazi kwenye ada. Ukishalipa, unapewa na karatasi ya masaa ya kujitolea. Kila familia ina masaa yake ya kutimiza kwa mwaka, na usipoyatimiza inakuja bili. Wenzangu wana vipaji: huyu anaoka keki, yule anafundisha mpira wa kikapu, mwingine anapaka watoto rangi usoni siku ya bonanza. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Asubuhi nalala, jioni naamka nimenuna. Mpaka Februari ya mwaka 2023 karatasi yangu ilikuwa nyeupe pe.

Ndipo kamati ya wazazi ikatangaza: anatafutwa mtu wa kuchimba shimo uani kwa shule. Shimo dogo tu, la kufukia sanduku.

Nikasoma tena kuhakikisha. Mimi mtoto wa Rombo, niliyelishwa na jembe, leo naulizwa kama naweza shimo! Nikajibu chai ikiwa bado ya moto: niachieni mimi.

Mama watoto akanitazama. "Baba, kwani ardhi ya huku unaijua?"

"Ardhi ni ardhi," nikamwambia.

Sasa, shimo lenyewe lilikuwa kaburi, na marehemu alikuwa Aleluya. Kama wewe si Mkatoliki, jua kwamba Kwaresima nzima sisi hatuimbi Aleluya. Linawekwa kando kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka. Kule kwetu tunaliacha tu kimyakimya, tunaimba shangilio jingine kabla ya Injili na maisha yanaendelea. Hawa wenzetu wanalizika. Mwalimu wa dini alinieleza kwamba ni desturi ya zamani, kwamba huko Toul, Ufaransa, katika karne ya 15 wavulana wa kwaya walikuwa wanabeba donge la udongo kwa maandamano, na maji ya baraka na ubani, kana kwamba wanasindikiza maiti. Darasa la pili walikuwa wametengeneza bango la kitambaa, herufi za dhahabu, pembeni vipepeo vya alama za viganja vyao. Bango likakunjwa ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko. Mazishi Jumanne, tarehe 21, baada ya chapati zile nene za maji wanazokula huku kuikaribisha Kwaresima.

Nikafika mapema na jembe langu. Ni jembe la heshima, nililinunua kwa ajili ya bustani ya mchicha na mnavu nyuma ya nyumba, na majirani wanalijua. Nikafagia theluji, nikatema mate mikononi, ingawa nilikuwa nimevaa glavu na yakaganda pale pale. Nikainua jembe juu.

Ngaa!

Lilirudi. Jamani, jembe lilirudi juu lenyewe, na mtetemo ukanipanda kwenye viwiko hadi kwenye meno. Chini hapakuwa na hata mkwaruzo. Nikapiga tena kwa hasira, likatoka cheche. Madirisha ya chekechea yalikuwa nyuma yangu, na nikasikia sauti nyembamba inamwuliza mwalimu kwa nini yule baba anapiga sakafu.

Fundi wa shule alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, mzee wa kofia yenye masikio. Aliniacha nitoe jasho kwanza. Kisha akaja taratibu.

"Msingi wa nyumba hapa tunaushusha inchi 42," akasema. "Unajua kwa nini?"

Sikujua.

"Ardhi inaganda, inavimba, inainua nyumba. Kaskazini wanakwenda inchi 60." Akanywa kahawa. "Makaburini wanaweka jiko la gesi chini ya kuba la chuma, linawaka mpaka udongo ulainike, ndiyo wachimbe."

Nikamwuliza kama shule ina jiko hilo. Akacheka peke yake muda mrefu.

Wanawake waliokuwa jikoni wakipika zile chapati walinihurumia, wakanipa sufuria la maji ya moto. Nikamwaga. Mvuke ukapanda, udongo ukalainika kwa kina cha kidole, nikashangilia. Nikarudi jikoni kuchukua sufuria la pili. Niliporudi, lile la kwanza lilikuwa limekuwa barafu, safi, inang'aa, limetambaa mpaka kwenye kijia. Nikamwaga la pili juu yake. Hapo ndipo nilipokuwa nimetengeneza uwanja wa kuteleza.

Mlango ukafunguliwa. Maandamano yakatoka.

Mbele Padri, kanzu juu ya koti la baridi, kanzu imetuna. Nyuma yake shule nzima kwa madarasa, watoto wamevaa zile suruali za theluji zinazowafanya watembee miguu imetengana, wanaimba Aleluya kwa mara ya mwisho, taratibu, kwa huzuni waliyofundishwa wiki nzima. Watoto wanne wa darasa la pili wamebeba sanduku. Wa kwanza akakanyaga maji yangu.

Walianguka wote wanne kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, bila kuumia, zile suruali ni magodoro. Sanduku likaendelea na safari. Ua wa shule una mteremko, na lile plastiki lilikuwa limekutana na barafu ya kulifaa. Likapita katikati ya miguu ya Padri, likampita mkuu wa shule, likazunguka mara moja kwa madaha na kushika kasi. Shule nzima, iliyokuwa msibani, ikalipuka:

"ALELUYAAA!"

Mwalimu wa dini akawa anapiga makofi kutuliza watu. Mtoto mmoja wa chekechea alikuwa analia kwa kwikwi kweli kweli, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba ndani ya lile sanduku hamna mtu. Lenyewe likateremka hadi kwenye kichuguu cha theluji kando ya maegesho, likajichomeka nusu, likatulia.

Fundi alimalizia kahawa yake. "Limejichagulia," akasema.

Padri ni mtu wa vitendo, na masikio yalikuwa yameanza kutuuma. Tukamzika Aleluya pale pale, kwenye theluji, kwa sepetu ya fundi. Tukachomeka kijiti chenye kitambaa cha rangi ya chungwa kama alama. Watoto wakaambiwa kwamba kuanzia sasa neno lile halitajwi mpaka Pasaka. Mimi nikaenda kujiandikisha masaa.

Jioni hiyo theluji ikaanza. Waliokuwa Minneapolis na Saint Paul mwaka ule hawahitaji kusimuliwa: Jumanne hadi Alhamisi, zaidi ya futi moja. Jumatano ya Majivu shule nyingi zilifunga milango, watoto wakasomea nyumbani kwenye kompyuta. Binti yangu, badala ya kusoma, akajiteua askari wa neno lile. Mama yangu alipiga simu kutoka Rombo kuuliza kama tumepona na baridi, akasikia tu wazima, akasema, "Aleluya, mwanangu!" Mtoto akaruka kutoka kwenye kochi: "Bibi amesema! Bibi amelisema!" Ikabidi bibi aelezwe kwamba Aleluya amefariki na mazishi yalikuwa Jumanne. Kimya kirefu. Kisha akauliza kama huko tuliko bado tunasali kanisa lile lile.

Ijumaa ikaja, na Ijumaa ya Kwaresima hapa si jambo dogo. Maaskofu wa Marekani waliiacha iwe siku ya lazima ya kutokula nyama, mwaka 1966, na waamini wakaitikia kwa kukaanga samaki. Parokia nzima inahamia ukumbi wa shule: samaki wa unga mkavu kwa nje, chipsi, kabeji ya mayonezi, makaroni ya jibini, na foleni inatoka nje. Wanakuja Waluteri, wanakuja wasio na dini. Mimi nilikuzwa nikijua Kwaresima ni kukaza mkanda. Hapa ndiyo siku peke yake ya wiki ninayofungua kishikizo cha suruali. Silalamiki.

Lakini umati una magari, na magari yanataka maegesho. Kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa mkandarasi alileta tingatinga na lori. Nikiwa kwenye foleni na sahani yangu, nikachungulia dirishani nimtolee heshima marehemu, nikaona maegesho meupe, mapana, yamejaa magari. Kichuguu hakipo. Kijiti hakipo.

"Nyingine ilisukumwa nyuma ya nyumba ya Padri," fundi akanieleza akitafuna. "Nyingine upande wa jimu. Nyingine ikapanda lori."

"Lori lilikwenda wapi?"

Akanyoosha uma upande wa mashariki. Wisconsin, jimbo la jirani, iko mashariki.

Nikasema theluji itayeyuka, litaonekana. Ilikuwa hesabu nzuri kwa mwaka mwingine. Msimu ule Minneapolis na Saint Paul zilipata zaidi ya inchi 90, wa tatu kwa theluji katika kumbukumbu zao. Vile vilima viwili havikupungua, viliongezeka. Machi ikapita. Usiku wa kuamkia Aprili mosi ikaanguka tena inchi 8 na ushei, nzito, ya majimaji, na kesho yake tukaandamana Jumapili ya Matawi buti zikizama.

Juma Kuu lote, nikitoka kazini asubuhi, nilikuwa juu ya kilima na jembe. Na hapo nilitetee jembe langu: kwenye theluji iliyoshindiliwa linafanya kazi kuliko sepetu zao zote. Nilifukua glavu za mkono wa kushoto, tu, sijui za kulia zinakwenda wapi. Nilifukua chupa za maji, kiatu cha mtoto, kikasha cha chakula chenye kitu ambacho zamani kilikuwa ndizi, na lile sanduku dogo la karatasi la Rice Bowl ambalo watoto wanatilia sarafu za maskini wakati wa Kwaresima, ndani mna sarafu zimegandiana na karatasi iliyoandikwa kwa penseli "nitarudisha". Aleluya, hakuna. Mwalimu wa dini alikuwa anapita, ananitazama, anafanya ishara ya msalaba.

Ijumaa Kuu usiku nikamwambia mama watoto hali ilivyo. Mkesha ni kesho, darasa la pili wanategemea kuingiza bango kanisani Padri akiinua Aleluya, na bango liko ama chini ya tani za barafu ama Wisconsin. Hakusema "nilikuambia." Angesema ningepona haraka. Alikwenda kabatini akatoa doti yake ya khanga, ile ya njano na nyekundu aliyoletewa na dada yake, akapasua katikati kwa meno na mikono, nusu akaitupa mezani. Tukakata herufi kutoka kwenye karatasi za dhahabu za zawadi, tukazibandika kwenye mji wa khanga kwa gundi ya moto. Binti akaongeza vipepeo. Chini, yale maandishi ya khanga tukayakunjia nyuma na kuyabana kwa pini. Lilipendeza. Nasema kweli, lilipendeza kuliko la kwanza.

Mkeshani, Jumamosi tarehe 8, kwa kuwa mimi ndiye niliyempoteza marehemu, nilikabidhiwa mlingoti. Padri akaimba Aleluya ya kwanza, nikaingia na watoto. Ya pili, sauti ikapanda, tuko katikati ya kanisa. Ya tatu, nikainua bango juu kwa nguvu zote, na pini zikaachia.

Pindo likashuka. Pale chini ya ALELUYA ya dhahabu, kwa herufi nyeusi kubwa, kanisa zima likaoneshwa: HASIDI HANA SABABU.

Wamarekani wakatabasamu kwa uchaji. Bibi mmoja akafuta machozi. Lakini kwenye kwaya kuna nesi mmoja Mkenya, sauti ya kwanza, tegemeo lao. Nilimwona anasoma. Nilimwona anajikaza, mabega yanacheza. Kisha akazama nyuma ya kinanda, na Aleluya ya Pasaka ikaendelea bila sauti ya kwanza mpaka mwisho. Alipoibuka kwa ajili ya Injili, alikuwa hathubutu kutazama upande wangu, na mama watoto naye alikuwa ameinama mno kwa mtu ambaye hasali.

Parokia ilifurahi. Picha ikatoka kwenye jarida la Jumapili iliyofuata, ya rangi, nusu ukurasa, kila herufi inasomeka.

Jumatano baada ya Pasaka, tarehe 12, joto likapanda hadi nyuzi 88 za Fahrenheit, zaidi ya 30 za kwetu, rekodi ya siku hiyo. Watu wakavaa kaptula. Mchana fundi akanipigia simu akiniamsha: sanduku limejitokeza upande wa jimu, kavu ndani, vipepeo vyote vizima. Wisconsin hatukuwa na deni nayo.

Kwa hiyo sasa shule ina mabango mawili. La khanga wamelitundika ukumbini, juu ya meza ya samaki, na hawataki kulirudisha, wanasema lina roho ya Kiafrika. Shule imenihesabia saa moja, ya kuchimba. Ya kutafuta hawakuihesabu, kwa kuwa haikuwa kwenye tangazo. Na mama watoto kila nikianza kulalamika anafungua kabati, ananionesha ile nusu ya doti iliyobaki, anafunga.