Majina Yao Yaandikwe Nyumbani

Kaboya, wilayani Muleba, ndiko walikozikwa wanajeshi wetu waliokufa katika Vita vya Kagera, na ni sawa kabisa taifa lina mahali pa kuwaenzi. Lakini mama mzazi aliyeishi upande huu wa Mwanza angefikaje Kaboya kila alipomkumbuka mwanawe? Mji wetu mdogo, kwenye barabara ya kwenda Musoma, una soko, una standi, una minara ya simu. Jiwe lenye majina ya vijana wake waliokwenda vitani wasirudi halipo. Mimi nasema lijengwe, na lijengwe wakati wapo bado watu wanaoyajua majina hayo.

Mwalimu alipolitangazia taifa Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin wa Uganda tunavyo, jeshi peke yake halikutosha. Walichukuliwa mgambo kwa maelfu: wakulima wa pamba, wavuvi, walimu, makarani. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa mpima pamba, na picha yake iliyobaki ni moja tu, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mchwa. Amevaa shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, amekaza uso kama walivyokuwa wakifanya wote mbele ya kamera za studio. Alifia Uganda, lori lililowabeba lilipopinduka.

Hapo ndipo panaponiuma. Bibi aliishi akisikia watu wakisema, “Huyo si alikufa kwa ajali tu?” Eti kwa kuwa hakupigwa risasi, ushujaa wake una kasoro. Hesabu inayotajwa mara nyingi ya wanajeshi wa Tanzania waliokufa katika vita vile ni 373, na waliouawa mapambanoni hawakufika 100. Waliobaki ni ajali, ni magonjwa, ni mambo yanayowapata watu wanaosafirishwa usiku na mchana kwa barabara mbovu. Mtu aliyeacha mizani yake ya pamba akapanda lori kwenda vitani amekufa vitani. Ukuta wa majina wa mji wetu usibague: jina, kijiji, mwaka, basi. Cheo kisiwekwe, maana mgambo wengi hawakuwa nacho.

Na tusidhani vita vile vilikuwa vya watu wa Kagera peke yao. Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza; ikayakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Vijana wengi wanaokwenda kutembea Saanane leo hawajui kabisa habari hiyo. Jijini, penye mnara wa saa, kuna kibao kinachoeleza kwamba Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa hili la Viktoria kutoka kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Sina ugomvi na kibao hicho. Ila mgeni aliyepita na kutazama ameandikwa kwa jina na tarehe, na mwana wa hapa aliyekufa akiilinda nchi hajaandikwa. Hata sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kwa jumla yao, bila jina la hata mmoja. Waliobeba mizigo na kufa kwa kuhara na njaa hatutawapata tena. Hawa wa 1978 bado tunawapata.

Gharama si kisingizio. Mawe ni mali yetu Usukumani, na mafundi wanaochonga majina kwenye makaburi wapo. Kazi ngumu ni majina yenyewe. Mtendaji wa kata awaite wenyeviti wa vijiji, nao wawaite wazee. Kila jina lithibitishwe na familia na mtu mwingine aliyemfahamu, kisha orodha ibandikwe ofisini mwezi mzima ili mwenye pingamizi aseme. Jina likikosewa herufi kwenye jiwe, hilo ni kosa la kudumu.

Ukuta wenyewe usijengwe bomani, ndani ya uzio, mahali pa kufunguliwa Julai 25 kwa ajili ya mkuki na ngao halafu pafungwe. Uwekwe standi, wanaposubiria magari wanafunzi na mama wenye ndoo za dagaa. Mtoto atasoma jina la ukoo wake, atauliza nyumbani.

Kwa kata yetu nimeshapeleka majina ninayoyajua, na la baba mdogo likiwemo. Mtendaji ameyapokea. Nanyi wa Sengerema, Misungwi, Ukerewe, kaeni na wazee wenu mwezi huu huu, muandike.