Kabla ya Kuandika "Adjacent", Tazama Kilichopo Katikati

Uliza maana ya maneno ya Kiingereza near, close, nearby, adjacent na adjoining, na mara nyingi utapewa jibu moja kwa yote matano: karibu. Jibu hilo si kosa, ila halimfai mtu ambaye leo hii anatakiwa kumjibu mteja kwa Kiingereza.

Chukua kazi ya mapokezi hotelini. Mgeni anayekuja Zanzibar na watoto wawili anaomba vyumba viwili. Akiandika connecting rooms, anataka mlango wa ndani, ili usiku aweze kuwafikia wanawe bila kupita koridoni. Akiandika adjoining rooms, kwa lugha ya hoteli anataka vyumba vinavyochangia ukuta, na mlango wa ndani si lazima uwepo. Adjacent ni pana zaidi, kwani hata chumba cha mkabala, ng'ambo ya korido, kinaweza kuitwa hivyo. Mhudumu akiyachukua yote kuwa "vyumba vya karibu", mama atawasili usiku na watoto waliochoka, akute hakuna mlango aliokuwa akiutegemea. Tena wageni wenyewe huyachanganya maneno haya, hata wale waliozaliwa na Kiingereza. Ndiyo maana mhudumu mzuri huuliza tu: mnahitaji mlango wa ndani?

Naamini tunafundishwa maneno haya vibaya. Mwanafunzi hupewa orodha ya visawe akariri, kana kwamba tofauti iko kwenye umbali. Mara nyingi haiko huko. Iko kwenye kile kinachokaa kati ya vitu viwili: ukuta, mlango, njia, au hakuna kitu kabisa. Na sisi Waswahili tofauti hizo tunazo tayari. Tunajua viwanja vinavyopakana, nyumba zilizoshikana, maduka yanayotazamana, mtaa wa jirani. Mwalimu angeanzia hapo, kazi ingekuwa nusu.

Sheria ya bahari inaonyesha jinsi uchaguzi wa neno unavyobeba uzito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982 unatenga nchi zenye pwani adjacent na zile zenye pwani opposite. Kenya na Somalia ni za kundi la kwanza, kwa kuwa pwani zao zinafuatana na mpaka wa nchi kavu unashuka hadi baharini. Tanzania na Komoro zinatazamana kuvuka maji. Kesi ya Kenya na Somalia, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 12 Oktoba 2021, ilihusu mstari wa kugawa bahari kuanzia pale pwani hizo mbili zinapokutana.

Contiguous hudai zaidi: vitu viguse, au vifuatane bila pengo. Marekani ina majimbo 50, lakini yanayoitwa contiguous ni 48 tu. Kati ya Alaska na hayo 48 iko Kanada, na Hawaii iko katikati ya bahari.

Near na nearby zina shida nyingine, nayo ni nafasi katika sentensi. Wengi wetu huandika "a near hospital", na msomaji wa Kiingereza husita. Sema "a nearby hospital", au "a hospital near the market". Nearest haina tatizo hilo: "the nearest hospital" ni sawa kabisa. Close nayo hupendeza zaidi kwa watu, kama ndugu wa damu au rafiki wa kushibana. Kwa hospitali, close iache ifuatwe na to: "close to the hospital".

Kwa Tanzania kuna jambo moja zaidi. Hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na wengi hukutana na adjacent kwa mara ya kwanza kwenye pembetatu mraba, ikiwa ni upande unaogusa pembe inayozungumziwa, ukiacha ule mrefu kuliko yote. Wanatoka darasani wakiamini adjacent lazima iguse. Nje ya hesabu si lazima.

Kwa hiyo ukiandika mkataba wa viwanja viwili na katikati kuna njia ya miguu, usiandike adjoining. Adjacent itakubalika, lakini taja na hiyo njia, upana wake, na namba za viwanja vyote viwili.