Kabla ya Kentucky Derby, tazama nusu maili kwanza

Karibu kila farasi anayeingia Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani za farasi wa miaka mitatu, huukuta umbali wa maili moja na robo kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, Jumamosi ya kwanza ya Mei, katika uwanja wa Churchill Downs. Mbio kubwa za maandalizi, kama Florida Derby na Blue Grass, huishia maili moja na thumuni. Ndiyo maana naona ni kosa kumpima farasi wa miaka mitatu kwa muda wa kumalizia peke yake. Muda huo hausemi nguvu zake zilitumika wapi, wala kama zilibaki za thumuni nyingine.

Anza na muda wa nusu maili na wa robo tatu za maili. Muda unaotangazwa ni wa kiongozi. Farasi aliye nyuma muongezee takribani sekunde 0.17 kwa kila urefu wa farasi mmoja. Wengi bado hutumia 0.2, na kwa farasi aliyeachwa urefu wa farasi 10 hiyo ni tofauti ya karibu theluthi ya sekunde.

Tuseme katika mbio za maili moja na thumuni kiongozi alipita robo tatu za maili kwa dakika 1:10.8, farasi wetu akiwa nyuma kwa urefu wa farasi 6. Yeye alipita hapo kwa takribani 1:11.8. Akishinda kwa 1:49.4, thumuni tatu za mwisho amezikimbia kwa sekunde 37.6. Kanuni ya zamani hutaka chini ya 38, na thumuni ya mwisho chini ya 13. Amefaulu, lakini usimsifu bado. Nusu maili ikipitwa kwa sekunde 49, hata farasi wa kawaida humaliza kwa kishindo, maana hakuna aliyechoka. Mimi namthamini zaidi aliyekaa karibu na kiongozi kwenye nusu maili ya 46.5 na bado akamaliza chini ya 38.

Kisha rekebisha kwa hali ya uwanja. Linganisha na mbio nyingine za siku ileile, zenye umbali uleule ikiwezekana. Usichanganye na mbio fupi: huanzia sehemu nyingine ya uwanja, na upepo uliowasukuma mwanzoni huenda uliwapiga usoni wenzao wa mbio ndefu. Kuna pia mtego wa Marekani: saa haianzi lango linapofunguka, bali baada ya farasi kukimbia hatua kadhaa, na kipande hicho hutofautiana kati ya uwanja na uwanja. Kikiwa kirefu, robo maili ya kwanza huonekana ya kasi kuliko ilivyo.

Mwisho, hesabu wapenda kuongoza. Mwaka 2022, farasi Summer Is Tomorrow alipita robo maili ya kwanza ya Derby kwa sekunde 21.78, kasi isiyowahi kuonekana katika mbio hizo, na nusu maili kwa 45.36. Waliokuwa mbele walizimika, Rich Strike akatoka nyuma sana akashinda kwa bei ya kamari ya 80 kwa 1. Vipimo vyake mwenyewe visingekuonyesha hilo. Vya wapinzani wake vingekuonya kwamba mbele kungewaka moto. Kwa hiyo wakiwa wanne wenye nusu maili ya chini ya 46.5, mshushe kila mmoja wao daraja. Akiwa mmoja tu, mpandishe, hata kama muda wake wa kumalizia ni wa wastani.